Mzee Asiyeitikia Salamu

Siku baba yangu alipoanza kumwamkia mzee wa kwenye kioo, nilikuwa na mteja kitini, nusu ya kichwa nimeshamsuka na nusu nyingine nywele zimesimama wima. Baba alitoka chumbani amefunga vifungo vyote vya shati mpaka shingoni, akapita nyuma ya kiti, akasimama mbele ya kioo kikubwa cha saluni yangu, iliyo humo humo nyumbani. Akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, mzee," akasema, kisha akasubiri.

Mimi na mteja tukatazamana kupitia kioo, tukacheka, maana baba yangu ni mtani wa siku nyingi na tulijua mwisho wa mzaha atakonyeza jicho. Hakukonyeza. Alisubiri mpaka kicheko chetu kikaisha chenyewe. Halafu akanigeukia, sura imemkunjamana, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni, kwamba mzee yule hajaitikia. Mtu mzima na mvi zake zote, salamu tu inamshinda.

Ilinichukua muda kuelewa. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemrudisha nyuma. Kichwani mwake alikuwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu, mwenye mke na watoto wadogo na kazi inayomsubiri kesho. Sasa kijana huyo akisimama mbele ya kioo anaona nini? Anaona kizee kilichochoka, kinamkodolea macho ndani ya nyumba yake. Kwa kuwa baba alilelewa vizuri, alimpa mzee heshima yake. Naye mzee akakaa kimya.

Hebu niwaeleze habari za baba mwenyewe kabla sijaenda mbali. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza kwenye studio moja ya picha, chumba chembamba kati ya duka la viatu na mashine ya kusaga nafaka, hivi kwamba kila picha iliyotoka mle ilibidi ipanguswe unga kwanza. Aliingia pale akiwa kijana wa kuanika picha mbichi kwenye kamba. Mwenye studio akagundua kwamba mkono wa kijana huyu hautetemeki hata akisimama juu ya stuli, akampa burashi. Basi akawa fundi wa kusafisha picha. Zamani hizo picha ilipigwa moja, na ukifumba macho imekula kwako. Unarudi nyumbani na picha uko kama umelala kwenye kiti. Baba alikuwa anaweka lenzi kwenye jicho moja, anachukua burashi yenye nywele chache kuliko kope, na anakufungua macho. Ndivyo jina lilivyomkaa. Mji mzima ulimwita Fungua Macho, na hata barua za studio zilikuja kwa jina hilo.

Hakuwafungua walio hai peke yao. Kulikuwa na watu waliofiwa ambao hawakuwa na picha yoyote ya marehemu ila ile iliyopigwa akiwa ameshalala. Walimletea baba. Alikuwa na swali moja tu la kuwauliza: alikuwa anaangaliaje? Mama mmoja akamwambia mwanangu alikuwa anaangalia kama anataka kuomba kitu halafu anaona haya. Baba akayaweka macho hivyo hivyo, na yule mama alipopewa picha alikaa sakafuni palepale studio. Mjane mwingine alichukua picha ya mumewe akaenda nayo, wiki haijaisha akairudisha. Alitaka macho yasogezwe pembeni kidogo, kwa sababu yanamfuata mpaka jikoni. Baba akayasogeza, na mjane akarudi kupika kwa amani.

Mama yetu naye alianza kama mteja aliyefumba macho. Baba alimwambia kazi yake haiwezi kukamilika mpaka aje tena, fundi amtazame vizuri. Akaja. Akaambiwa aje tena. Mama alikuwa akisimulia hadithi hiyo mbele za wageni na kuongeza kwamba yale macho yake yalichukua muda mrefu kuliko ujenzi wa daraja, na baba anatazama chini anajifanya anatafuta miwani. Wakatuzaa wawili, kaka yangu kwanza, kisha mimi. Mama alifariki. Simu zikaanza kupiga picha, studio ikafungwa, na baba akahamia kwangu na sanduku la vifaa vyake na boksi la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua.

Sasa turudi kwa yule mzee. Baada ya siku chache za kumwamkia bila majibu, baba alianza kumwogopa. Alikuja jikoni akanishika mkono, akaniambia mzee yumo na bafuni pia. Nikakiondoa kioo cha bafuni. Kile cha saluni ni kizito, kimefungwa ukutani kwa skrubu, nikakifunika kwa shuka. Fikiria msusi asiye na kioo. Wateja wangu walisukwa kwa imani, wanajipapasa vichwa kama watu wanaotafuta uvimbe, na mwenye mashaka nilimpa kioo kidogo akajitazamie nje, barabarani, wapita njia wamsaidie kutoa maoni. Wengine walihama. Nikameza, kazi ikaendelea.

Lakini kioo ukikifunika utakuta dunia nzima inang'aa. Jioni nikiwasha taa, mzee alikuwa kwenye dirisha, amesimama nje gizani anatazama ndani. Televisheni ikizimwa, yumo, mdogo, amekaa kwenye kochi letu. Baba alikataa supu kwa sababu mzee alikuwa kwenye kijiko, kichwa chini miguu juu. Nikanunua vijiko vya plastiki, nikaficha sufuria zinazong'aa, nikawa nafunga mapazia jua likiwa bado lipo. Baba akakonda. Alitembea kwenye korido ameegemea ukuta, akifika kwenye kona anachungulia kwanza. Usiku hakulala, na mmoja asipolala nyumba nzima hailali.

Nitasema ukweli, na mimi nilianza kuogopa. Siamini mambo ya mizuka, na mdomo wangu huu ungeitimua mizuka yenyewe. Lakini ukiishi na mtu anayemwona mwingine, unaanza kumwachia huyo mwingine nafasi ya kupita. Nilikuwa nikipita karibu na lile shuka ninaongeza mwendo. Mchana mmoja nilitaka kutazama jino lililokuwa linanisumbua, nikapiga moyo konde, nikainua pembe ya shuka. Nilikuwa peke yangu kwenye kioo. Nikasikia pumzi nyuma yangu, na mwili ukanisisimka wote. Alikuwa baba, amesimama pembeni mahali ambapo kioo hakimfikii.

"Yumo?" akaniuliza.

Nikamwambia hayumo, hakuna mtu humu baba, njoo uone mwenyewe. Akatikisa kichwa taratibu.

"Basi ametoka," akasema, akageuka kuangalia korido.

Siku ile nilifanya kazi mgongo wangu ukiwa ukutani.

Kaka yangu anaishi mji mwingine. Ni mtu wa ofisi, mtu wa mipango, hata akipiga simu unasikia kwamba ameshaandika mahali atakayosema. Aliniambia amepata nyumba ya kulelea wazee, safi, ina bustani, ina wahudumu wa usiku na mchana, nafasi ya baba imeshawekwa. Hakuwa mbaya. Alinihurumia mimi pia; alisema anaisikia sauti yangu ilivyoisha. Tukakubaliana atakuja mwisho wa mwezi na gari. Akimkuta baba ametulia, atamwacha. Akimkuta vilevile, anaondoka naye siku hiyohiyo. Nilikubali kwa sababu sikuwa na hoja, lakini moyoni nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, baba abaki kwangu. Kule wangemlisha na kumwogesha vizuri kuliko mimi, sikatai. Ila kule angekuwa mzee mmoja kati ya wazee. Ni nani kule angejua kwamba huyu alikuwa anauliza marehemu aliangaliaje?

Muuguzi anayekuja kumpima baba presha ndiye aliyenionyesha njia. Nilikuwa nimeshajaribu kumpa shughuli. Nilimpa maharage achambue, akachambua nusu sahani, akaniuliza kama msichana wa kazi ameacha. Nilimpa taulo akunje, akazikunja kwa heshima zote, halafu akataka kujua anakwenda nyumbani saa ngapi. Muuguzi akacheka, akasema mzee wako anajua kutofautisha kazi na kupotezewa muda. Mpe kazi ambayo mikono yake inaijua, yenye mwanzo na mwisho, na awepo mtu anayeisubiri kwa hamu. Jioni ile nilishusha sanduku la vifaa kutoka juu ya kabati.

Jamani, ningetamani mngeona. Nilitandika meza chumba cha mbele, mchana kweupe, nikapanga burashi, rangi, kijiwembe na lenzi. Kisha nikatoka nje, nikabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe, nikaingia kama mteja na ile picha ya kwanza ya boksi, nikalalamika kwamba nimefumba macho. Baba akaipokea. Akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu, akaniambia nirudi Alhamisi. Mkono uliokuwa unamwaga chai ukashika burashi na haukutikisika. Mchana ule alikula chakula chote. Usiku akalala, na mimi nikalala kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, nimevaa nguo za kazi.

Boksi lile likatuweka wiki baada ya wiki. Watu ambao hawakurudi kuchukua picha zao, wengine bila shaka wameshakufa, walifunguliwa macho mmoja mmoja. Baba alizipanga zikauke juu ya kabati la vyombo, na mimi nikiosha sahani nilikuwa na kundi zima la watu wamenikazia macho mgongoni. Walikuwa macho kabisa, kuliko watu walio hai. Ikafika mahali nikawa nazilaza kifudifudi kila nikiingia, na kila nikirudi nazikuta zimegeuzwa tena, zinaangalia mlango. Sikulalamika. Nilikuwa tayari kutazamwa na mji mzima wa marehemu mradi baba anakula.

Na korido ikatulia. Aliacha kuchungulia kwenye kona. Siku moja nilimuuliza kama yule mzee bado anakuja. Akapuliza vumbi la rangi kwenye picha.

"Nimeshashughulika naye," akasema.

Nilimpigia kaka simu dakika ileile nikamwambia njoo uone, baba amepona karibu yote. Nilitia chumvi kidogo, ndiyo, lakini furaha haina kipimo.

Boksi lilipokaribia kuisha nilishaanza kumpa albamu za nyumbani. Zilikuwa na madoa na mikwaruzo ya miaka, kazi ilikuwepo. Nilibisha hodi, nikajifanya mteja mwenye familia kubwa, nikamwomba azisafishe. Alizipokea bila kuonyesha kama anamjua mtu yeyote ndani yake. Nilipotaka kuchungulia alizifunga. Sheria ya studio yao ilikuwa moja, mteja haoni kazi kabla haijakauka, na baba aliishika mpaka kwangu. Nikamwacha, nikaenda kusuka watu kwa imani.

Kaka akaja mwisho wa mwezi, mchana. Nilikuwa sijamwona ana kwa ana kwa muda mrefu. Tulikuwa watu wa simu. Nilifungua mlango. Ameota mvi kichwa kizima, mashavu yamemshuka, bega la kushoto limelala. Alikuwa baba. Baba aliyepimwa, akakatwa, akawekwa kwenye suti. Nikasema karibu kaka, na sauti yangu mwenyewe ikanishangaza jinsi ilivyokuwa ndogo.

Baba akatoka chumbani. Akamwona mtu aliyesimama mlangoni. Alishika ukuta. Akasogea mbele hatua moja, kwa ujasiri ambao sijui aliutoa wapi, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Kaka akaganda. Akasema, baba, ni mimi mwanao. Baba hakuyasikia hayo, au aliyasikia kama kelele za mtaani. Alikuwa anasubiri neno moja. Nikamsogelea kaka nikamnong'oneza amwitikie, amwitikie tu, nitamweleza baadaye.

"Nimwambie baba yangu marahaba?" kaka akaniuliza. "Wewe una akili kweli?"

Na ni kweli, kwa malezi tuliyopewa ni heri angeambiwa ampige kofi. Akakaa kimya. Baba akanigeukia mimi.

"Ametoka kabisa," akaniambia. "Angalia, ana viatu."

Akarudi chumbani kwake, akafunga mlango, na tukasikia kiti kikiburutwa kwenye sakafu kuja kuegemezwa hapo.

Nikaanza kusema haraka haraka, kama kawaida yangu nikibanwa. Nikamwambia hii ni kwa sababu umekuja ghafla, umemshtua, siku nyingine zote yuko sawa, anafanya kazi, kazi ya kweli, njoo uone mikono yake bado inafanya nini. Nikamvuta mpaka kwenye meza. Zile albamu zilikuwa zimefungwa, zimekauka. Nikafungua ya juu kwa maringo yote, mimi mwenyewe nikiwa sijaiona.

Picha ya kwanza ilikuwa ya sisi wadogo na wazazi wetu. Safi, haina doa, na baba kijana, nywele nyeusi, amesimama mahali pake. Nikafungua mbele. Picha ya mahafali ya kaka: kaka, mama, na katikati yao pazia la ukumbi. Nikadhani nimekosea picha. Nikafungua nyingine. Mimi na mama mbele ya nyumba ya zamani, na kando yetu ukuta, matofali yamechorwa moja moja, kivuli cha mti kimepita juu yake kama kinavyopaswa kupita. Harusi ya kaka: bwana harusi, bibi harusi, mama na kitambaa chake, na kiti kitupu. Nilijua nani alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Kazi ilikuwa nzuri kiasi kwamba macho yangu yalianza kunikatalia, yakawa yananiambia hapakuwa na mtu hapo tangu mwanzo. Ukurasa baada ya ukurasa, kuanzia mahali ambapo mvi zake zilianza, baba yetu hakuwepo. Mama alizeeka peke yake kwenye albamu ile, anatabasamu na hewa.

Ya mwisho ilikuwa ile iliyopigwa muda mfupi kabla mama hajafariki. Mama amekaa, nyuma yake dirisha. Lakini begani kwake vilikuwa vimebaki vidole vinne. Nadhani baba alishindwa kuvitoa bila kuharibu gauni la mama, au aliona huruma, sijui. Vidole vinne vya mzee vimemshika mke wake bega, na nyuma ya vidole hamna mtu.

Kaka aliiweka ile albamu mezani kwa mikono miwili. Aliposema, hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha.

"Mdogo wangu, hii si kazi. Huyu mtu anajizika mwenyewe, na wewe ndiye unamshikia koleo."

Kila siku niliyofurahi kwamba amekula na amelala, ndiyo siku aliyokuwa anajifuta. Kaka akaomba begi. Nikampa. Nguo za baba zilikuwa kwenye kochi, nimezipiga pasi asubuhi, akaanza kuzipanga. Nikaenda kumletea kandambili na dawa. Nilikuwa nalia lakini nilizileta, maana nisingeweza kumtazama kaka usoni na kumwambia baba ametulia.

Begi lilipofungwa zipu, tukasikia kiti kinaburutwa tena. Mlango ukafunguka. Baba alikuwa amechana nywele. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya kaka, mtu aliyeamua jambo huko ndani, akasimama mbali kidogo, umbali wa heshima.

"Shikamoo, mzee."

Kaka alikuwa na begi mkononi.

"Marahaba," akasema.

Ilikuwa sauti ya baba. Sijui kwa nini sikuwahi kuisikia kwenye simu. Baba akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, akatikisa kichwa kama mtu aliyekutana na jirani aliyedhaniwa bubu. Akaanza kuomba radhi. Alisema asichukuliwe vibaya, ni kweli amemtoa mzee kwenye picha zote, lakini angefanya nini? Kila picha mzee amesimama na mke wake. Amemshika bega. Na kwenye hizo, yeye mwenye mke hayupo hata kwenye moja. Mzee angekuwa ni mtu wa kuitikia salamu wangezungumza kiume yakaisha.

Macho ya baba yakateremka, yakalikuta begi, yakakaa hapo. Akalitambua shati lake lililojitokeza kwenye zipu.

"Umekuja kunichukua," akasema.

Nilimtazama kaka nikimwomba kwa macho aseme hapana. Lakini kaka si mtu wa uongo, tangu utoto hakuujua.

"Ndiyo," akajibu.

"Nilijua. Tangu siku ya kwanza uliponiangalia nilijua." Baba alisema hivyo bila hofu yoyote. "Sitakusumbua, mzee wangu. Ila nina ombi. Nina watoto wawili, wako shule. Mkubwa ni wa kiume, anajifanya shujaa, lakini akikuta nyumba haina mtu anakaa nje kwenye ngazi mpaka mtu aje, hata kama mvua inanyesha. Hajawahi kumwambia mtu, mimi ndiye ninayejua. Mdogo ana maneno mengi, huyo atakusemesha njia nzima. Wacha warudi kwanza. Niwaone, niwaage, wasije wakakuta mlango umefungwa. Halafu tutaondoka mimi na wewe."

Kaka alikuwa amegeuzia uso wake ukutani. Nilimwona mgongo unavyotikisika ndani ya ile suti, mzee wa miaka yake, baba wa watu, mwenye ofisi. Sikumgusa. Baada ya muda akaliweka begi chini, akavuta kiti cha saluni, kisha akavuta na cha pili akamkalisha baba, vikatazama mlango.

"Basi tuwasubiri," akasema.

Walikaa. Baba alimweleza jinsi watoto wanavyofanana na mama yao. Kivuli cha mtu kilipopita nje wote wawili walinyoosha shingo. Mimi nilisimama pale kwenye korido, mdogo mwenye maneno mengi, sina hata moja. Giza lilipoingia baba alisinzia kichwa kikiwa begani kwa kaka, na kaka akaondoka kesho yake bila begi.

Ile nafasi kule kwenye nyumba ya wazee walipewa watu wengine. Kaka sasa anakuja kila Jumamosi na anakaa kwenye kiti kilekile. Baba humwamkia, naye humwitikia, na sitazoea kusikia hivyo. Kisha baba humuuliza kama hakuwakuta watoto huko njiani.

"Nimewaona," kaka humjibu. "Wanakuja."